Wimbo Usiovuka Ukuta

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imemwagika hadi nje kwenye ngazi. Ulikuwa msimu wa mitihani. Wanafunzi walibanana na watu wazima wenye hati za viwanja, na mashine zilitema karatasi za moto bila kupumzika. Mbele kabisa alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, tai imelegezwa, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuposa. Alimkabidhi mwenye duka bahasha ya kaki.

"Nitolee kopi za kutosha kwaya nzima. Na zisififie, waimbaji wangu wana visingizio vingi."

Mwenye duka alichomoa karatasi ya juu. Ilikuwa ya zamani, rangi ya chai ya maziwa, kingo zake zimelika. Akaitega kwenye mdomo wa mashine, ule unaovuta karatasi wenyewe.

"Wewe! Usiiwashe!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Mwanamke mwenye gauni la samawati la mifuko mikubwa, kichwani kafunga kitambaa cha njano, alipenya katikati ya watu kwa viwiko.

"Dada, fuata foleni," mtu alilalamika.

"Foleni nitaifuata nikishamwokoa mgonjwa wangu." Alifika, akainyanyua ile karatasi kwa viganja viwili kama mtu anayepokea kitoto kichanga. "Hii ikimezwa humo inatoka vipande. Nani ameileta?"

"Mimi," alisema mwanamume. "Na ni yangu."

"Si yako. Ni ya masista wa kule juu mlimani, na nimeitafuta tangu Jumatatu. Jalada lake liko rafuni, tupu kama sufuria ya bweni."

"Nimeazimwa na Sista Mzee mwenyewe."

"Na umesaini wapi?"

"Dada yangu, yule bibi alinisukumia bahasha mkononi akaniambia nipotee kabla hajabadili mawazo. Ungekuwa wewe ungeomba kalamu?"

Watu wa foleni waliangua kicheko. Mwanamke naye alijaribu kukaza uso, ukamponyoka. Mwenye duka akauliza kama wapenzi wangependa kusogea pembeni ili kazi iendelee.

"Hatujuani!" walijibu kwa pamoja, wakatazamana, wakacheka tena.

Walipanda mlima pamoja kurudisha bahasha. Njiani yakajulikana yote. Mwanamume alifundisha hesabu katika shule ya sekondari, na jioni alifundisha kwaya ya parokia. Wanakwaya walimwita Solfa, kwa sababu hata akisalimia alionekana kama anatafuta noti. Mwanamke alikuwa mhifadhi wa nyaraka. Masista walimwajiri apange karatasi zote za shirika lao, maana nyumba ilikuwa inafungwa. Wasichana wa kujiunga hawakuja tena, na masista waliobaki wangeenea kwenye meza moja ya chakula.

"Kwa hiyo wewe ni daktari wa karatasi," Solfa alisema.

"Wengine huniita mfagiaji mwenye shahada."

"Mimi nitakuita Dokta. Nipe namba yako ya simu, Dokta, nikipata mgonjwa mwingine nikupigie."

Akampa, naye akapewa ya Solfa. Kisha akajilaumu njia yote iliyobaki kwa jinsi alivyoitoa haraka.

Chumba cha nyaraka kilikuwa nyuma ya dobi la masista, na hilo lilikuwa tatizo lake kubwa. Mvuke wa pasi ulipenya ukutani mwaka baada ya mwaka. Majalada ya chini yalikuwa na ukungu wa kijivu, pini zimeota kutu na kuacha alama kama damu kavu. Dokta alifanya kazi na brashi laini, kisu butu cha kung'olea pini, na barakoa. Barua na picha zilimtii. Muziki ndio uliomshinda.

Muziki wote ulikuwa wa sista mmoja aliyekwisha kufariki, mwanzilishi wa kwaya ya nyumba ile, ambaye wenzake walimkumbuka kama Mtunzi. Aliandika kwa solfa, do-re-mi za herufi tupu na nukta zake, na aliandika juu ya chochote: migongo ya kalenda, fomu za zahanati, karatasi za kufungia sabuni. Hakuweka namba za kurasa. Baada ya kifo chake mtu alizifagia zote zikaingia kwenye makasha, na sasa hakuna aliyejua ukurasa upi unafuata upi.

Ndipo Dokta alipopiga simu kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, una nafasi alasiri?"

"Kwa mgonjwa au kwa daktari?"

"Kwa mgonjwa. Daktari ni mzima."

"Basi nitakuja kumwangalia daktari kama kweli ni mzima."

Alikuja na shati jingine jeupe. Dokta alimwamuru anawe mikono, aikaushe hadi kati ya vidole, avue saa. Kisha wakatandaza karatasi mezani. Solfa aliuimba ukurasa mmoja kwa sauti ya chini hadi mwisho, akasimama katikati ya sentensi ya muziki, mguu mmoja hewani kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Akajaribu ukurasa wa pili: haukushika. Wa tatu: haukushika. Wa nne ukaingia pale pale, laini, na wimbo ukaendelea kutembea.

Dokta alisahau brashi mkononi. Alikuwa ameshughulika na karatasi hizo kwa wiki nyingi bila kujua kwamba zinapumua.

"Rudia," alisema.

"Kwa sababu ya mpangilio?"

"Wewe rudia tu."

Pembeni mwa dirisha aliketi Sista Mzee, mwanafunzi wa mwisho wa Mtunzi aliyebaki hai. Sikio la kushoto halikusikia kitu, la kulia lilisikia linachotaka. Solfa akikosea, alipiga fimbo sakafuni.

"Hapo panashuka, baba. Unapandia nini? Kuna ngazi?"

Hivyo ndivyo alasiri zao zilivyopita. Solfa aliimba, Dokta alipanga, Sista Mzee aligombeza. Jioni simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?" Solfa aliuliza siku moja, neno likatoka kabla hajalipa ruhusa.

Dokta aliketi wima.

"Umeniitaje?"

"Nimeuliza kama umekula."

"Hapana, mwisho pale."

"Aa, mtandao wangu leo mbaya sana."

"Solfa."

"Ndiyo, Dokta."

"Nimekula, mpenzi," alisema, akakata simu, akaificha chini ya mto kama imemuunguza. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, alimwuliza ni karatasi gani hizo zinazompigia mtu simu na kumchekesha peke yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Dokta hakulisema. Kabla hajakutana na Solfa, alikuwa ameomba kazi katika hifadhi kuu ya shirika hilo, nchi nyingine, mahali penye vyumba vya ubaridi na rafu za chuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri Mama Mkuu kwamba muziki wa Mtunzi upelekwe huko. Na jibu lilikuwa limekuja: aje nao. Kila alasiri alijiambia atamwambia Solfa leo. Kila alasiri Solfa alinawa mikono, akaikausha hadi kati ya vidole, akamtabasamia, naye akaahirisha.

Solfa naye akapata siri yake, ingawa hakuiomba. Siku moja Dokta alikuwa ameitwa ofisini, na katika kabrasha la mwisho Solfa alikuta wimbo asioujua. Alipoanza kuuimba, Sista Mzee alinyoosha mkono kumzuia.

"Huo ni wetu," alisema. "Wimbo wa maziko. Anaimbiwa sista tu, na wanauimba masista tu. Haujawahi kuvuka ukuta wa nyumba hii."

"Samahani, Sista. Naurudisha."

"Ngoja." Alitazama nje, ambako masista wawili walikuwa wakianika mashuka polepole, mmoja akishikilia mgongo. "Umetungwa kwa sauti nne. Hebu nihesabie wewe mwalimu wa hesabu. Yule ana pumu. Yule hajui kuimba tangu azaliwe. Mama Mkuu ana sauti ya kuku anayetaga. Mimi nitakuwa sandukuni. Nani ataniimbia?"

Solfa aliirudisha karatasi mezani taratibu.

"Wafundishe watu wako. Kimyakimya. Mama Mkuu akijua mapema ataandika barua kwa wakubwa, na wakubwa wakijibu nitakuwa nimeshaoza. Usimwambie yeyote. Hata huyo unayemkodolea macho."

"Simkodolei macho, Sista."

"Mimi ni kiziwi, baba, si kipofu."

Akaahidi. Aliunakili wimbo kwa mkono wake, akaanza kuufundisha katika ukumbi wa parokia, milango imefungwa. Lakini kwaya ni kwaya. Mwimbaji mmoja wa soprano alirekodi mazoezi kwa simu ili ajifunze nyumbani, akamtumia rafiki, rafiki akamtumia shangazi yake. Wiki ilipoisha, sauti ile ilikuwa inazunguka mjini, na ikamfikia Dokta akiwa mezani kwake, kutoka kwa dada yake: *Hii si kwaya ya yule wako? Wanatisha!*

Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Aliyatambua maneno yake, na ukurasa wake aliujua. Juu yake Mtunzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Wa nyumbani tu.*

Solfa alipofika alasiri, alimkuta amesimama mlangoni, koti jeupe la kazi limefungwa vifungo vyote.

"Umewafundisha kwaya wimbo wa maziko."

"Ndiyo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Alitazama kule dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Sista Mzee alikuwa amelala na homa.

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema! Nimekufungulia makasha ya watu. Nimewaambia masista huyu ni mtu wangu, mwaminini. Kumbe unajaza kapu lako."

"Dokta, nisikilize—"

"Sema basi nikusikilize."

Hakusema. Badala yake hasira ikampanda naye. "Na wewe je? Mama Mkuu amenipongeza hapo getini. Eti nimekusaidia vizuri, sasa utasafiri salama na makasha. Nikabaki natabasamu kama mjinga. Unasafiri lini, mpenzi? Ungenitumia kadi?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Ukishapanda ndege?"

"Huu ukuta unatoa maji, Solfa! Zikibaki hapa zinakufa!"

"Sikuuliza habari za karatasi."

Aliondoka bila kuaga. Dokta, huku machozi yakimchoma, alikwenda kwa Mama Mkuu akaeleza kuhusu ile rekodi. Mama Mkuu akaamuru mwalimu asiruhusiwe tena kupita getini.

Siku zikawa ndefu. Dokta alifunga makasha, akaandika lebo, akamjibu dada yake kwa neno moja moja. Kurasa zilikuwa zimeshapangwa zote, chumba kinanukia usafi, naye alihisi kama amefagia nyumba iliyohamwa. Solfa alifundisha hesabu bila mzaha hata mmoja, mpaka wanafunzi wakaulizana kama mwalimu anaumwa.

Homa ilipomwacha, Sista Mzee alijikokota hadi chumba cha nyaraka, akaketi, akasubiri. Alasiri ikapita.

"Mwalimu wangu yuko wapi?"

"Haji tena, Sista," Dokta alisema, akainama kwenye sikio la kulia. "Alitoa wimbo wa maziko nje."

"Najua. Nilimtuma."

Dokta aliketi juu ya kasha bila kuangalia kama ni imara.

"Nilimtuma, na nilimwambia anyamaze. Kumbe ni mtu wa kunyamaza kweli! Mtunzi angempenda. Nani amemfungia geti?"

"Mimi, Sista."

"Basi lifungue."

Mama Mkuu aliitwa. Alikuja akifuta mikono kwa aproni, mwanamke mpole aliyechoka, mwenye funguo nyingi kiunoni na milango michache ya kufungua. Alisikiliza yote.

"Sista, ule wimbo ni wa nyumba hii," alisema. "Tuliapa kuutunza."

"Nyumba hii inafungwa, binti yangu. Mimi na wewe na ule wimbo, sote tunavuka ukuta. Unataka tuutunze vipi? Ukae kasha gani, kimya, unasubiri nani?"

Mama Mkuu alitazama makasha yaliyopangwa ukutani. Kisha akachomoa ufunguo wa geti kwenye pete na kumpa Dokta.

Dokta alikwenda ukumbini siku ya mazoezi. Alivaa gauni jekundu la kola, akalivua, akavaa lile la samawati, maana hakutaka aonekane amekuja kushinda. Alipoingia, soprano walimkata jicho mstari mzima. Solfa alishusha mikono. Kwaya ikanyamaza sauti baada ya sauti.

"Shikamooni waimbaji," alisema, na besi mmoja mzee ndiye pekee aliyeitikia. "Nimekuja kumwomba mwalimu msamaha, na nilimchafua kwa watu, kwa hiyo nasema mbele ya watu. Nilimwita mwizi. Hakuwa mwizi. Alikuwa ametumwa, akashika ahadi, hata ilipomkaba shingo."

Solfa alikohoa. "Nani amekuambia?"

"Mwenyewe. Amepona. Na anataka kuusikia wimbo wake."

"Wa maziko?"

"Ndiyo."

"Lakini yuko hai!"

"Anasema akishakufa hatapata nafasi ya kusahihisha."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na katika kicheko hicho Solfa alimtazama Dokta kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Walikusanyika Jumapili alasiri katika kikanisa cha masista, chumba kirefu chenye kuta nyeupe na mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa. Sista Mzee alikataa kuketi mbele kama mgeni rasmi. Aliingia katikati ya kwaya, kati ya waimbaji wa teno na besi, sikio zima likielekea alto, kiganja kimelala juu ya benchi ili mbao zimletee kile ambacho sikio lingekosa.

Solfa alinyanyua mikono. Wimbo ukaanza chini, besi peke yao, kama watu wanaobeba kitu kizito kwa uangalifu. Alto wakaingia. Mama Mkuu, aliyeapa kutoimba, alianza kutingisha midomo. Yule sista wa pumu alilia waziwazi. Dokta alisimama ukutani. Aliujua kila mkunjo wa karatasi ile, tundu la nondo katika ubeti wa pili, doa la mafuta pembeni. Sasa tundu lile lilipita mbele yake likiwa limejaa sauti, na hakuna aliyeweza kusema lilikuwa wapi.

Fimbo ikagonga sakafu. Kwaya ikakatika.

"Nyie wa teno!" Sista Mzee alifoka. "Mnakimbilia wapi? Anayezikwa ni mimi, na mimi sina haraka."

Wakacheka huku wakifuta macho. Wakaanza upya, polepole zaidi, na safari hii aliwaacha mpaka mwisho. Noti ya mwisho ilipozimika, alikaa macho yamefumbwa, kiganja bado kwenye mbao.

"Hivyo," alisema. "Hivyo hivyo."

Wakati wa mapumziko Dokta alimkuta Solfa nje kwenye ngazi, tai mfukoni.

"Nimeuona ule ukungu," Solfa alianza kabla hajasemeshwa. "Niliuona tangu siku ya kwanza. Ziende, Dokta. Huko zitaishi. Niliumia kwa sababu nilisikia kwa Mama Mkuu jambo lililopaswa kutoka kinywani mwako."

"Niliogopa ungeacha kuja."

"Ningekuja mara mbili kwa siku."

Dokta aliketi kando yake. "Nimewaandikia wa hifadhi kuu. Nimewaambia nitazifikisha, nitazipanga, nitamfundisha mtu wao kuzisoma, halafu narudi. Mkataba mrefu nimeukataa. Na Mama Mkuu amekubali nakala zote zibaki parokiani, kwako, ziimbwe. Picha safi nimezipiga mwenyewe, wala hutahitaji mashine ya mtu."

"Umeikataa kazi kwa ajili yangu? Usije ukanidai baadaye."

"Nimeikataa kwa sababu kuna nyumba nyingine za masista hapa, zina makasha, na kuta zinatoa maji. Wewe ni nyongeza."

"Nyongeza!"

"Nzuri lakini."

Solfa alicheka, kisha uzito ukamrudia. "Utakaa huko muda gani?"

"Mpaka kazi iishe. Itakuwa miezi, mpenzi, sikudanganyi."

"Na ukirudi?"

Dokta alinyoosha gauni lake magotini, akalinyoosha tena, ingawa halikuwa na mkunjo.

"Nikirudi unioe. Au nikuoe mimi, atakayewahi."

Mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwahi kukosa sauti mbele ya umati wowote, aliipapasa yake na asiipate. Alimshika mkono, ule wenye vidole vilivyokauka kwa kushika karatasi, akaubana kifuani. Nyuma yao, mlangoni, soprano walikuwa wamebanana wakisikiliza bila aibu.

"Amesema nini?" sauti ya Sista Mzee iliuliza kutoka ndani. "Mbona hamsemi? Amekubali?"

"Hajajibu, Sista!"

"Mwalimu! Kubali, uje tumalizie. Ubeti wa pili alto bado wanayumba."

"Nimekubali," Solfa alisema, kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko ya mwimbaji yeyote wa teno.

Dokta aliinuka kwanza, akamvuta ainuke. Walipoingia hakurudi kusimama ukutani. Alto walisogea wakampisha nafasi kwenye benchi, mmoja akamsukumia nakala yake, na Solfa akanyanyua mikono.